Thamani ya Kijana mbele ya Mola Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, kijana anapobaleghe huandamwa na swali zito: Je, mimi nina thamani gani? Wataalamu nao wamelichunguza. Mwaka 1965 Morris Rosenberg wa Marekani alitangaza kipimo chenye kauli 10 cha kujua namna vijana wa sekondari wanavyojithamini.

Jibu la Uislamu limo katika Sura ya Al-Israa, aya ya 70, ambamo Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba amewatukuza wanaadamu. Utukufu huo hautokani na alama za mtihani, wala mavazi, wala rangi ya ngozi. Kijana anaposimama kusali mara 5 kwa siku, husimama mbele ya Mola wake pasi na mtu kati yao. Basi atajionaje duni yule anayesikilizwa na Mola wa mbingu na ardhi?

Lakini, enyi wazazi, yanayojengwa msikitini huweza kubomolewa nyumbani. Kijana anayeambiwa kila siku kuwa hafai, mwisho husadiki. Na ibada yake hugeuka woga mtupu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kuguniwa hata mara moja. Mwaka wa 11 Hijria, watu waliponung'unika kwa kuwa Usama bin Zayd, kijana aliyekaribia miaka 20, amepewa uamiri wa jeshi, Mtume alimtetea hadharani.

Hatusemi kwamba kijana asikanywe. Na akanywe, ila likemewe kosa, isidhalilishwe nafsi, tena iwe faraghani.

Nanyi vijana, msichanganye heshima ya nafsi na kiburi. Mtume ametufunza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwenye kuijua thamani aliyopewa na Mola wake hana haja ya kumdharau mwenziwe, wala haoni haya kusema, "Nimekosa."

Ewe Mola wetu, wajaalie vijana wetu wawe kitulizo cha macho yetu, nasi utujaalie tuwe wapole kwao. Amin.