Je, Wajua? Samaki Mfu Aliyetazama Picha

Je, wajua kwamba kuna watu ambao aspirini iliwakataa kwa sababu ya nyota zao? Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988, ulikuwa na wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupata mshtuko wa moyo, na aspirini ilipunguza vifo kwa karibu robo. Lakini wagonjwa walipogawanywa kwa nyota za kuzaliwa, wenye Mapacha na Mizani walionekana kudhurika kidogo! Watafiti walifanya hivyo makusudi kabisa. Jarida la Lancet liliwataka wayakatekate matokeo katika vikundi vidogo vidogo, nao wakaonyesha kwamba ukikata mno hukosi kuokota kioja. Leo nyota hizo mbili zinafundishwa katika vyuo vya udaktari. Wewe nyota yako ipi?

Na samaki je? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimlaza samaki aina ya salmoni ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wanajisikiaje. Sehemu ya ubongo wake ikawaka! Samaki mwenyewe alikuwa amekufa. Mashine hupima maelfu ya vidoa kwa mpigo, na usiposahihisha hesabu, vichache vitawaka kwa bahati tu. Waliposahihisha, ubongo ukazimika kimya.

Sogea hapa, hii tuifanye pamoja. Ugonjwa fulani humpata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hakimkosi mgonjwa, ila katika kila wazima 100, huwasingizia 5 kuwa wanaumwa. Umepimwa, kimesema unao. Uwezekano kwamba unaumwa kweli ni kiasi gani? Usisome mbele kwanza, jibu!

Mwaka 1978 swali la aina hiyo waliulizwa watu 60 katika hospitali za kufundishia za Harvard: wanafunzi, madaktari wachanga na mabingwa. Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Jibu sahihi ni karibu asilimia 2! Tazama: kati ya watu 1,000, mgonjwa ni 1, na wazima wanaosingiziwa ni kama 50. Kwa hiyo walioambiwa wanaumwa ni 51, na anayeumwa ni mmoja wao. Waliopata walikuwa 11 tu kati ya 60. Subiri, bado: swali lilirudiwa Boston, majibu yakachapishwa mwaka 2014, na kati ya watu 61 walipata 14. Miaka 36, nyongeza ya watu watatu!

Wajua namba 12 inaweza kuokoa na inaweza kupotosha? Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya HMS Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, akawapa chakula kimoja na tiba sita tofauti. Waliokula machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Mwaka 1998 makala moja ya London ikaeleza watoto 12 na kuwatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Makala ile haikuwa na kikundi cha kulinganisha hata kimoja! Ilifutwa mwaka 2010, baada ya miaka 12. Mwanafunzi aliyefundwa vizuri huuliza kwanza, "Mmelinganisha na nani?" Nalipenda mno swali hilo.

Haya, shika na hii. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la watu 23 walioruka kutoka kwenye ndege, wengine na parachuti, wengine na begi tupu mgongoni. Hakuna aliyeumia upande wowote, parachuti haikusaidia chochote! Siri imo ndani ya makala: ndege zilikuwa zimesimama chini, na wastani wa kimo ulikuwa mita 0.6. Watafiti waliitunga kama funzo kwa wanaosoma muhtasari wakaishia hapo.

Je, wajua wanafunzi wa hospitali ya St Bartholomew's, London, katika karne ya 19 walikuwa na klabu yao ya kusomea majarida katika chumba kidogo juu ya duka la mikate? Mwaka 1875, daktari William Osler akaanzisha yake chuoni McGill, Montreal, ili wachangiane gharama, kwa kuwa majarida yalikuwa ghali. Alikuwa na miaka 26 hivi!

Na daktari David Sackett unamjua? Akiwa na miaka 32 alipewa idara nzima aiongoze chuoni McMaster, Kanada, na huko ndiko yeye na wenzake walikowafundisha madaktari kuzisoma tafiti kwa jicho kali. Halafu, akiwa na miaka 49 na jina kubwa, akaona ujuzi wake wa tiba umepitwa na wakati. Akarudi wodini kama daktari mwanafunzi, upya!

Sasa njoo nyumbani, uketi vizuri. Mtoto mahututi mwenye homa na damu isiyozunguka sawasawa hufanywaje? Atundikiwe dripu, maji mengi, haraka! Ndivyo vitabu vilivyosema kwa miaka. Kisha likaja jaribio la FEAST katika hospitali sita, zikiwamo Kilifi, Muheza na Mulago, kwa watoto 3,141. Waliomiminiwa maji ya chumvi haraka, walifariki asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa: asilimia 7.3! Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, na mwaka 2011 dunia nzima ikasoma habari iliyotoka kwa wauguzi na madaktari wa Afrika Mashariki. Kila mia waliomiminiwa, watoto watatu zaidi waliondoka. Soma namba hizo mara mbili, tafadhali.

Unadhani haya ni ya vyuo vikuu tu? Uganda, shule za msingi 120, watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 10 hadi 12. Nusu ya shule zilifundishwa kwa kitabu cha hadithi za katuni namna ya kupima madai ya tiba: masomo tisa ya dakika 80, muhula mmoja. Katika mtihani, wasiofundishwa walifaulu asilimia 27. Waliofundishwa? Asilimia 69!