Bunga peke yake haijenge mifupa

Bandugu bafanyakazi, na bamama mulioko ku nyumba, leo hatutaongea mushahara. Tutaongea mifupa.

Siku moja tulienda kusalimia mwenzetu mumoja kule Katuba. Bibi yake alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulimukuta amekaa pa mulango, pemba mu mukono, anakula. Tukamuuliza: «Mama, juu ya nini?» Akajibu: «Niko najenga mifupa ya mutoto. Si iko nyeupe kama maziwa?» Tulicheka, kisha tukanyamaza, juu hata mu nyumba zetu banasema vile vile.

Pemba siyo maziwa. Ni udongo. Haijenge mifupa, inazuia mwili kupata chuma ya kutengeneza damu, na inaweza kuwa na risasi ndani, ile madini tunaita plombi.

Kitu kinachojenga mifupa ni kalsiamu. 99 kwa mia ya kalsiamu ya mwili inakaa mu mifupa na mu meno. Ile kidogo inayobaki inatembea mu damu, inasaidia moyo na misuli. Chakula kikikosa kalsiamu, damu inaenda kukopa ku mifupa. Kukopa kila siku bila kulipa, munajua mwisho wake.

Mutu mukubwa anahitaji karibu gramu 1 kwa siku. Kijana anayekomaa anahitaji kupita hapo. Sasa tupige hesabu. Tangu wakati wa Union Minière, kampani zilizoea kupima posho kwa bunga. Lakini mufuko muzima wa bunga ya mahindi, kilo 25, una karibu gramu 2 tu za kalsiamu. Ni ya mutu mumoja kwa siku mbili! Bukari inashibisha tumbo, lakini mifupa inabaki na njaa.

Kwetu sisi ba mugodi iko hatari ya pili. Risasi inaingia mu mwili na kujifanya kama kalsiamu. Kalsiamu ikipunguka, tumbo linakamata risasi mingi zaidi, na risasi inajificha mu mifupa miaka na miaka. Mama akibeba mimba, mifupa yake inaachia ile risasi, inafikia mutoto. Mu 2009, bafundi wa Université de Lubumbashi pamoja na benzao wa Ubelgiji waliandika matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Bale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, risasi, kadmiamu na uraniamu kupita bale wanaoishi mbali.

Tusizani ni mambo ya vitabu. Kule Japani, mugodi wa Kamioka ulikuwa unatoa zinki na risasi, na kadmiamu yake ilishuka mu muto Jinzu, ikaingia mu mashamba ya muchele. Bamama wazee waliozaa mingi mifupa yao ililainika, wengine ilivunjika kwa kukohoa tu. Ule ugonjwa wakauita itai-itai, maana yake «inauma, inauma». Serikali ya Japani iliukubali mu 1968, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuteseka. Kipushi yetu pia ni mugodi wa zinki, na madini yake yana kadmiamu. Hatusemi ule ugonjwa uko huku. Tunasema: tusingojee.

Tufanye nini? Ya kwanza, ndakala. Gramu 50 za ndakala kavu zinatoa zaidi ya nusu gramu ya kalsiamu, lakini tuzikule nzima, kichwa na mifupa. Kwa mutoto mudogo, mama anaweza kuzisaga mu kinu, achanganye mu uji. Ya pili, sombe. Na maziwa, falanga ikipatikana. Lengalenga ni muzuri, lakini kalsiamu yake mwili unaikamata kidogo. Samaki ya chumvi tuiloweshe kwanza, juu chumvi mingi inatoa kalsiamu mu mukojo. Lutuku pia inaharibu mifupa.

Tena iko jua. Mwili unatumia vitamini D kwa kukamata kalsiamu, na ile vitamini inatoka zaidi mu jua. Wewe wa chini ya ardhi, au wa posti ya usiku, siku ya kupumuzika usilale mu nyumba mutwa nzima.

Bamama wa mimba, muulize munganga juu ya vidonge vya kalsiamu. OMS inavishauri kwa bamama ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, juu vinapunguza hatari ya tansio ya mimba. Musivimeze saa moja na vidonge vya chuma.

Lakini si yote iko mu sufuria ya mama. Sisi ba sendika, wakati wa kukaa meza moja na kampani, tusiombe bunga peke yake. Tuombe samaki na maziwa mu kantini. Tuombe damu yetu ipimwe risasi, na ya batoto wetu pia. Tuombe salopeti zifuliwe ku kazi, vumbi isifike ku kitanda cha mutoto.

Yule mama wa Katuba tulimupelekea kipimo cha ndakala. Pemba aliitupa yeye mwenyewe.