Kulala Hosteli Ugenini Peke Yako: Usibebe Pesa Zote kwa Simu Moja

Basi la Kampala lilinichukua Nakuru saa nne usiku. Ilikuwa safari yangu ya kwanza nje ya Kenya, na nilikuwa peke yangu. Kulipokucha tulikuwa Busia. Kituo cha mpakani pale, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, hukufanya ushuke mara moja tu: unatoka Kenya na kuingia Uganda chini ya paa moja. Kwa Mkenya, kitambulisho cha taifa kinatosha. Nikajiona mjanja.

Kampala nililala hosteli ya bei nafuu. Pale unalipia kitanda, si chumba: dabo-deka nne, watu wanane wasiojuana, bafu moja. Si mahali pabaya. Jioni tulikula rolex, ile chapati inayokunjwa na mayai, tukapiga stori kama watu waliokua pamoja. Tatizo lilikuwa soketi. Ya karibu na kitanda changu haikuwa na stima, basi nikaacha simu ikichaji kando ya mlango. Nilipoamka, chaja ilikuwa ukutani. Simu, hakuna.

Ndani ya simu hiyo kulikuwa na karibu pesa zangu zote.

Mwizi alijaribu nini

PIN yangu hakuwa nayo, kwa hivyo pesa hakuzigusa. Lakini alitoa laini, ambayo nilikuwa nimeiwashia rominga, akaitia kwenye simu nyingine. Majina niliyohifadhi kwenye laini yakamfungukia, na mojawapo lilikuwa "Mama". Saa mbili asubuhi mama yangu, anayeuza vitunguu Soko la Wakulima hapa Nakuru, akapata ujumbe kutoka namba yangu: nimeshikwa na polisi, tuma elfu kumi na tano kwa namba hii, haraka.

Mzazi gani hangetuma? Yeye alijibu kwa swali: "Mwanangu, ng'ombe wa shosho alikuwa anaitwa nani?" Tulikuwa tumekubaliana hivyo jioni ya kuondoka, na mimi nikamcheka. Jibu halikuja. Mama hakutuma hata shilingi.

Wakati huo nilikuwa mapokezi nikiomba simu ya mhudumu. Hapo ndipo nilijua kwamba zile namba fupi za huduma kwa wateja tunazopiga nyumbani hazikupeleki Kenya ukitumia laini ya Uganda. Unahitaji namba ndefu inayoanza na +254. Bahati nzuri nilikuwa nimeiandika kwa karatasi, pamoja na namba ya mama, nikaiweka na kitambulisho. Laini ikafungwa. Nauli ya kurudi ilikuwa ndani ya soksi chini ya begi, noti ambazo sikuwa nimezigusa tangu Nakuru.

Jipange kabla ya kupanda basi

- Gawa pesa mara tatu. Ya matumizi iwe kwa simu. Nauli ya kurudi iwe taslimu, mbali na simu. Ya dharura imwachie mtu wa nyumbani unayemwamini, na asitume mpaka asikie sauti yako na jibu la swali lenu.

- Weka PIN ya laini. Iko kwenye mipangilio ya simu, na ni tofauti na PIN ya pesa. Mtu akihamisha laini, haitamfungukia. Zote mbili ziweke kichwani, si kwa karatasi.

- Usilipie kitanda kwa namba ya mtu usiyemjua. Ukiombwa arbuni, hakikisha namba ni ya hosteli yenyewe. Jina likitokea tofauti na uliloambiwa, ghairi. Afadhali ulipe ukifika.

- Piga hesabu kwanza. Shilingi moja ya Kenya hupata ishirini na kitu za Uganda, na kiwango hubadilika. Pia, tangu 2018 Uganda hutoza ushuru wa nusu asilimia ukitoa pesa kwenye simu, mbali na ada ya kawaida. Kutoa kidogo kidogo kutakumaliza.

- Beba kufuli. Uliyesoma shule ya bweni unakumbuka: sanduku bila kufuli ni la kila mtu. Kabati la hosteli ni vivyo hivyo. Simu ichaji ukiwa macho, na usiku ulale nayo.

Kama hujawahi kulala chumba kimoja na wageni, anzia karibu. Naivasha, kando ya ziwa, kuna kambi zenye mabweni ya bei nafuu, na kutoka Nakuru ni safari fupi ya matatu. Lala usiku mmoja, ujue unachosahau ukiwa bado karibu na nyumbani.

Mimi Kampala nitarudi. Mama ameshabadilisha swali.