Bomu la Sanduku la Mbao: Kutega na Kutegua

Tunapofundisha vitenzi vya kutendua, mifano yetu ya kila siku ni funga na fungua, ziba na zibua. Katika toleo hili tunaongeza tega na tegua, kwani bomu la ardhini hutegwa, na wataalamu hulitegua. Tumechagua aina moja, bomu la sanduku la mbao, kwa sababu linaonyesha jinsi kazi hizi mbili zisivyolingana: kutega ni kwa dakika chache, kutegua huweza kuchukua miaka mingi.

Mabomu haya yalienea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945). Wasovieti walikuwa na PMD-6, na Wajerumani walikuwa na Schü-mine 42. Kila moja lilikuwa kijisanduku chenye takriban gramu 200 za TNT. Ukingo wa kifuniko hukaa juu ya pini ya kiwashio. Mtu akikanyaga, kifuniko hushuka, pini huchomoka, springi huachiliwa na bomu hulipuka. Kiasi hicho hakivunji kifaru, lakini chatosha kumkata mtu mguu.

Kwa nini mbao? Kwanza, chuma kilihitajika kwa silaha nyingine, ilhali mbao zilikuwa rahisi na hata karakana ya useremala iliweza kuunda sanduku. Pili, mbao zilisaidia kulificha bomu. Mwaka 1941 afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni mashine ya mkononi ya kutambua chuma ardhini, nayo ilitumika El Alamein mwaka 1942. Mbele ya sanduku lenye chuma kidogo tu kwenye kiwashio, mashine za namna hiyo hazikufua dafu. Ilibidi askari wapige magoti na kuchokoa udongo polepole kwa ncha ya chuma.

Baada ya vita hiyo, PMD-6 ilitumika pia kwingineko, zikiwemo Angola na Kambodia. Wako wanaodhani kwamba mbao zikioza hatari imekwisha. Sivyo. Kifuniko kilichooza huweza kulegea hata mguso mdogo ukatosha kulipua, na mafuriko huweza kulihamisha sanduku jepesi hadi shambani ambako hakuna aliyelitega.

Dawa mojawapo imetoka Morogoro, Tanzania. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa TNT yenyewe. Panya hajali kama sanduku ni la chuma, plastiki au mbao, na uzito wake ni mdogo mno kufyatua bomu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yanayojulikana.

Kwa walimu, tunapendekeza zoezi dogo. Waulizeni wanafunzi ni nini kingine hutegwa na kuteguliwa. Watataja mtego na kitendawili. Kisha waonyesheni teguka: mguu huteguka, nao hupona. Mguu uliokanyaga bomu hauna kitenzi cha kutendua. Ndiyo maana tunaona neno kutegua lifundishwe pamoja na kazi halisi inayobebwa nalo.