Soda Hufikaje kwa Mangi

Ukiingia dukani kwa Mangi katika vichochoro vya Tandale, Dar es Salaam, ukakuta soda ya baridi, usidhani lori la kampuni ndilo lililoishusha hapo. Lori halipiti. Na hata lingepita, Mangi hana fedha wala nafasi ya kupokea kreti ishirini kwa mkupuo. Huchukua mbili leo. Zikiisha, huchukua nyingine.

Coca-Cola na wajazaji wake walilishughulikia tatizo hilo Addis Ababa mwaka 1999. Hawakuongeza malori. Walitafuta watu wa mtaani wenye stoo ndogo, wakampa kila mmoja eneo na maduka yake ya kuhudumia, naye akaajiri wasukuma mikokoteni. Mpango ukasambaa, na kufikia mwisho wa 2008 Afrika ilikuwa na vituo vya aina hiyo takriban 2,500.

Kugawa kazi si jambo geni kwa kampuni hii. Mwaka 1899 iliwapa mawakili wawili wa Chattanooga, Marekani, haki ya kujaza kinywaji chake kwenye chupa, kwa dola 1 tu! Kwa mtindo huohuo, Moshi soda hiyo hujazwa na kampuni ya Bonite, na Mwanza hujazwa na kampuni ya Nyanza.

Lakini mwenye stoo ni kiumbe kingine. Kwenye chati ya uongozi hayumo, na mshahara hapokei. Hata hivyo ofisa mauzo humtembelea na kumkagua, na mipaka ya eneo lake imechorwa na kampuni. Si mwajiriwa, wala si mfanyabiashara huru hasa.

Mimi humpima kwa chupa tupu. Soda ya chupa ya kioo huchukuliwa kwa kurudisha tupu. Asiyekuwa nazo huweka amana. Hivyo sehemu kubwa ya mtaji wake imelala kwenye kreti zisizo na kitu. Mkokoteni ukipiga shimo, chupa zilizovunjika ni zake. Mvua ikinyesha wiki nzima soda haitoki, na wasukumaji wanamdai yeye. Wanaousifu mpango huu huhesabu ajira, na ajira zipo kweli. Hasara hizi huzitaja kwa nadra.

Sasa imekuja chupa ya plastiki, isiyodai tupu. Mtu yeyote mwenye guta anaweza kununua katoni kwa jumla na kuziuza mtaa wowote, hata ule ambao kampuni ilishamgawia mwingine.