Adabu za Mgeni katika Jamii ya Programu Huria

Mwanafunzi wa kompyuta anapoamua kujiunga na waundaji wa programu huria, hofu yake kubwa huwa ni msimbo. Husoma Python au Java hadi usiku wa manane, hujifunza Git, akazoea kufungua tawi na kulifunga, ndipo abishe hodi. Huko ndani hukuta watu wenye wazee wao, miiko yao na namna yao ya kuomba na kukataa. Nimeona vijana hodari wa msimbo wakirudi nje ndani ya wiki moja kwa sababu hakuna aliyewafundisha mila hizo.

Mila ya kwanza ni kuuliza hadharani. Kumfuata mzee wa mradi faragha ili akusaidie peke yako ni kumwibia muda, na ni kuwanyima wengine jibu ambalo wangelisoma kesho. Hapa malezi yetu yanagongana kidogo na ya wenyeji. Kwetu mtu hatangulizi shida kabla ya salamu. Lakini mgeni anayeandika "Shikamoo wakubwa, naomba kuuliza swali" kisha akatulia kusubiri kuitikiwa, atasubiri sana: aliyeko Tokyo amelala, aliyeko Berlin yuko kazini kwake, na hakuna anayejua swali lenyewe ni lipi. Swali liende zima mara moja: unatumia toleo gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, kompyuta ilisema nini. Maneno ya hitilafu yanakiliwe kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huwaudhi, na kwa anayehesabu bando ni gharama pia.

Ya pili ni kuonyesha kazi ingali mbichi. Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake kwa kujifurahisha tu, akawauliza wangependa uwe na nini. Mfumo huo, uliokuja kuitwa Linux, ulikuwa haujakamilika, na hakuona haya. Ya tatu ni kuijua leseni, yaani masharti ya kutumia kazi ya wengine. Miaka minane kabla ya Torvalds, mwaka 1983, Richard Stallman alikwisha kutangaza mradi wa programu huria wa GNU, na kutoka kwake ikaja leseni ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu iliyo chini yake atoe na msimbo wake chanzo, akiwa ameubadilisha au la. Leseni nyingine, kama ile ya MIT, hazidai hivyo. Mgeni asome leseni ya mradi kabla hajaandika hata mstari mmoja. Wengi hawasomi.

Lakini mila zinaonekana vizuri zaidi katika kiraka, yaani badiliko dogo unalopendekeza. Tuseme mwanafunzi ameona neno limekosewa tahajia ndani ya kiini cha Linux. Huanza na mstari mmoja wa kichwa: jina la sehemu inayoguswa, nukta mbili, kisha kitenzi cha kuamuru, kama vile "rekebisha". Chini yake hueleza kwa nini badiliko linahitajika. Lililobadilika linaonekana lenyewe. Mwishoni huweka saini yake, jina na anwani ya barua pepe, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Desturi ya saini iliingia mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa katika Linux. Kila mtunzaji wa mradi anayekipitisha kiraka kwenda juu huongeza saini yake chini ya ile ya kwanza, na anayetaka kujua neno hilo lilifikaje hapo huisoma safu ya majina kama isnadi ya hadithi: fulani kapokea kwa fulani.

Kisha majibu huja, na huja mbele za watu. "Hapa pana nafasi ya ziada." "Eleza upya sababu." "Hii tayari imerekebishwa na mwingine." Aliyelelewa kuona kukosolewa hadharani ni aibu huumia. Wenyeji wanachotazama ni kama atarudi na toleo la pili, kisha la tatu, bila kununa. Na pakiwa kimya, mwongozo wa Linux unamtaka asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Si kwamba wazee nao ni malaika. Torvalds alijulikana kwa ulimi mkali kwa miaka mingi, hadi Septemba 2018 alipoomba radhi, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Naona walichelewa.

Anayechezea mila hizi huadhibiwa na kundi zima. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walibainika kuwa walikuwa wamewapelekea watunzaji wa Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuwapima. Chuo kizima kikafungiwa mlango, na viraka vyake vya zamani vikapitiwa upya kimoja kimoja.

Kwa mwanafunzi wa kwetu, mlango wa karibu si lazima uwe Linux. Upo OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika mapema katika kliniki za mpango wa afya wa AMPATH huko Eldoret. Ipo programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Upo pia mlango wa tafsiri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na kazi ya aina hiyo haijaisha.

Ila mwanafunzi akumbuke jambo moja: mwaka 2024 ilibainika kwamba adabu nayo inaweza kuigizwa. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameusaidia mradi mdogo wa xz, programu ya kubana faili, kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na kwa mpangilio. Mtunzaji wa miaka mingi wa mradi huo, aliyekuwa akiubeba takriban peke yake bila malipo huku wageni wakimlalamikia kwamba anachelewa, akampa mamlaka. Mlango wa siri ukaingizwa. Ukagunduliwa na Andres Freund, aliyeshuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kwa takriban nusu sekunde.

Mzee kama yule wa xz hakuwa na upungufu wa mapendekezo. Alikosa watu wa kuvijaribu viraka vya wengine, kuzisoma ripoti za hitilafu na kuona kama tatizo linajirudia. Kazi hiyo mwanafunzi anaiweza akiwa na kompyuta ya kawaida, na akikijaribu kiraka cha mwenzake katika Linux, jina lake nalo huandikwa chini yake, katika mstari wa waliokijaribu.