Toyota za umeme: dereva wa Kitai asubiri au anunue ya mafuta?

Wapenda Toyota wanabishana: je, gari ndogo ya mafuta inakufa?

Ni kweli kampuni iliacha kutengeneza Mark X mwaka 2019, kisha Premio na Allion mwaka 2021. Desemba 2021 ikatangaza lengo la kuuza magari ya umeme milioni 3.5 kwa mwaka ifikapo 2030. Lakini injini haijaachwa: Corolla ya mfano iliyoonyeshwa Tokyo Oktoba 2025 imebuniwa iweze kutumia umeme, mafuta au vyote viwili, yaani haibridi.

Kwa anayebeba abiria Kitai, Mbinga na Songea, hesabu ni chaji. Soketi ya nyumbani hutoa takribani kilowati 2. Ukichaji kwa saa 8 mfululizo unapata uniti zisizozidi 16, za kwenda kama kilomita 100 tambarare. Milima ya Umatengo itapunguza. Umeme ukikatika usiku huo, asubuhi huna kazi.

Haibridi ya kawaida haichomekwi. Betri hupata chaji kutoka kwenye injini na wakati wa kufunga breki. Ukinunua iliyotumika, fundi aipime betri kubwa kabla hujalipa. Kuibadilisha ni ghali.